Tuisafishe gundi, rangi tuiache

Mwaka 1963 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuwaazima raia wa kawaida gari lisilo na pistoni hata moja. Lilisukumwa na tabaini, injini ya ukoo mmoja na zile za ndege: hewa inavutwa ndani, inagandamizwa, inachomwa pamoja na mafuta, kisha gesi ya moto inazungusha magurudumu madogo yenye mapanga. Bodi zilitengenezwa na karakana ya Ghia mjini Turin, Italia, zikasafirishwa hadi Detroit kufungiwa injini. Yalitoka magari 55, matano ya majaribio na 50 ya kuazimwa. Hadi mapema mwaka 1966 madereva 203 walipokezana, kila mmoja miezi mitatu, bila kulipia gari lenyewe. Gharama yao ilikuwa mafuta tu.

Na hayo mafuta yalikuwa kichekesho. Gari lile lilikunywa dizeli, mafuta ya taa, hata mafuta ya kupikia. Inasimuliwa kwamba Rais wa Mexico wa wakati huo, Adolfo López Mateos, aliliendesha likiwa na tequila kwenye tangi. Lilichokikataa ni petroli yenye madini ya risasi, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa ikiuzwa vituoni siku hizo, kwa sababu risasi iliacha masalia ndani ya injini. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa kwenye dizeli mpaka serikali ikayapandishia kodi mwaka 2011, atanielewa nikisema kwamba gari hilo lingewakosesha watu kazi.

Mpango ulipokwisha, Chrysler iliyakusanya magari yake. Yakachomwa moto na kupondwa magari 46. Yalibaki tisa tu, na mengi kati ya hayo yamo kwenye majumba ya makumbusho, likiwamo la Henry Ford pale Dearborn, Michigan. Maelezo yaliyoenea ni kwamba kampuni ilikwepa ushuru wa forodha juu ya bodi za Italia. Wengine wanasema haikutaka magari ya majaribio yazagae mikononi mwa watu, yakosekane vipuri na yaiaibishe. Mimi naliamini zaidi hilo la pili, maana kampuni kubwa huogopa aibu kuliko ushuru.

Kwa hiyo kwa watu wa kawaida lililobaki ni la plastiki. Kiwanda cha Jo-Han cha huko huko Detroit, ambacho kilikuwa kikiwatengenezea wauza magari sampuli ndogo za kuwaonyesha wateja, kilitoa seti ya gari hilo kwa kipimo cha moja kwa 25. Likiisha kujengwa lina urefu wa kama sentimita 20, na injini yake ndogo ya tabaini bado hutajwa kwa heshima na wapenzi wa kujenga magari ya seti. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu. Unavikata, unavipiga msasa, unaviunga kwa gundi, unapaka rangi. Picha iko juu ya boksi na maelekezo yako ndani.

Aliyejenga hili nililonalo mezani hakuyafuata. Nadhani alikuwa mtoto, na nadhani ilikuwa miaka ya 60 au 70. Alilipaka bluu kwa brashi, rangi nzito, hadi kwenye paa, ambalo kwenye gari halisi lilivikwa vainili nyeusi. Injini aliipaka nyekundu. Mlangoni alibandika namba 7, transfa iliyotoka kwenye seti ya gari jingine, na sasa imegeuka njano. Kioo cha mbele kimefanya ukungu wa gundi. Gurudumu la mbele kushoto limeganda halizunguki, bampa la nyuma limebanduka, kifuniko kimoja cha gurudumu hakipo. Na juu ya boneti, chini ya ile rangi ya bluu, kuna alama ya dole gumba, mistari yake yote inasomeka.

Nililipata kwa bei ya chakula cha mchana, na hakuna aliyepunjwa. Katika soko la vitu hivi, seti ambayo boksi lake halijafunguliwa ina thamani, iliyojengwa na fundi hodari ina thamani kiasi, na iliyojengwa na mtoto ni takataka au akiba ya vipuri. Anayeinunua huinunua ili aifumue, aitoe rangi hadi plastiki ibaki uchi, kisha aijenge upya kama ilivyo kwenye picha ya boksi. Hiyo ndiyo inayoitwa kuirejesha. Siipingi kazi hiyo, maana ndiyo ninayoifanya. Ninapinga mazoea ya kuondoa kila alichoacha mjenzi wa kwanza, kana kwamba vyote ni uchafu wa aina moja.

Si vya aina moja. Kioo chenye ukungu ni ajali, maana hakuna mtoto aliyekaa akapanga kuliziba gari lake macho. Gurudumu lililoganda ni ajali pia. Lakini injini nyekundu, namba 7 na bluu ni mambo aliyoyaamua. Alikuwa na kopo la rangi mkononi na picha mbele yake, akachagua. Ajali tuzirekebishe bila huruma. Maamuzi tuyaache, hata yale yasiyotupendeza, na mimi hiyo bluu hainipendezi hata kidogo.

Ajali zenyewe zinaeleweka ukijua gundi ile ilivyofanya kazi. Gundi ya tyubu ya miaka ile haikushikamanisha vipande kama gundi ya karatasi. Ilikuwa na toluini ndani yake, na toluini huyeyusha plastiki ya polistirini. Nyuso mbili zikiyeyuka na kubanwa pamoja, kimiminika kinavukizwa na zinabaki kitu kimoja, kazi iliyo karibu zaidi na kuchomelea. Toluini hiyo hiyo iliwafanya watoto wa Marekani kuinusa gundi ili walewe, habari ambayo mitaa ya Nairobi inaijua vizuri mno, na mwaka 1969 kampuni ya Testors ikaanza kutia mafuta ya haradali kwenye gundi yake ili iwachome pua. Mtoto wa miaka kumi aliyepewa kitu kama hicho, tyubu laini inayotoa uzi usiokatika, afanyeje? Tone likidondoka kwenye kioo, linakila kioo. Akishika boneti kwa kidole chenye gundi, uso wa plastiki unalainika, unapokea chapa, kisha unakauka nayo.

Kulifumua gari kama hili kunataka subira na friza. Gundi ya zamani ikishapata baridi kali, mara nyingi inakuwa kavu na yenye kuvunjika kirahisi kuliko plastiki inayoizunguka. Unaliweka gari ndani ya mfuko usiku kucha, asubuhi unaingiza ncha ya kisu kwenye kiungo na kupindua kidogo kidogo. Chasisi ilitoka kwa mlio ulionitisha, ikatoka nzima. Gurudumu lile bishi halikutoka kwa baridi, ilibidi ekseli ikatwe kwa msumeno mwembamba. Matairi nayo yana ugonjwa wao: vainili ya zamani huvuja kemikali inayoipa ulaini, na ikikaa miaka mingi imegusana na polistirini, kemikali hiyo inaila rimu taratibu hadi inaacha shimo. Hapo hakuna ujanja. Unajaza puti, unasubiri, unapiga msasa, na tairi unalitenganisha na rimu kwa rangi ya kinga.

Bampa lilibanduka kwa sababu nyingine. Mng'ao wa vipande vile ni alumini nyembamba mno iliyotandazwa juu ya plastiki ndani ya chumba kisicho na hewa, na gundi haishiki juu yake. Fundi mwenye uzoefu huikwangua kwanza pale kiungo kitakapokaa. Mtoto hakuambiwa, au aliambiwa kwenye karatasi ambayo hakuisoma. Kama mng'ao wenyewe ungekuwa umeharibika, jiki ya kufulia ingeutoa kwa muda mfupi tu, na ningeanza upya. Ulikuwa bado mzuri, basi nikakwangua sehemu ya kiungo na kulirudisha bampa mahali pake.

Kioo kilikula muda kuliko vyote. Msasa laini wa maji, kisha laini zaidi, kisha zaidi ya hapo, na mwisho dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba. Kuna saa unapokitazama kioo kimekuwa cheupe kabisa, kibaya kuliko ulivyokianza, na unashawishika kukitupa na kukata kingine kwenye plastiki ya chupa. Usikitupe. Ukungu wa gundi haukuingia ndani sana.

Kisha boneti. Wenzangu kadhaa waliniambia alama ya dole gumba ndiyo ingekuwa ya kwanza kuachwa, kwa sababu inagusa moyo. Nimeisaga. Sababu ni ile ile: mtoto hakuamua kuweka dole lake pale. Naamini liliponasa aliudhika, na kwamba rangi ilikuwa nzito zaidi juu ya boneti kuliko kwingineko kwa sababu alijaribu kulifunika. Kuliacha kwa ajili ya utamu wa hisia zangu kungekuwa kumsimika kwenye kosa ambalo yeye mwenyewe alitaka lisionekane. Huruma ya aina hiyo inamfaa mtazamaji tu.

Bluu ndiyo ngumu. Magari yote 50 yaliyoazimwa yalikuwa na rangi moja ya shaba, bodi na ngozi ya viti ndani. Moja la familia hiyo lilipakwa nyeupe na mistari ya bluu kwa ajili ya filamu The Lively Set ya mwaka 1964, lakini hakuna dereva aliyepewa nafasi ya kuchagua. Mkusanyaji anayejali usahihi ataniambia kwamba Chrysler ya tabaini ya bluu ni uongo. Kuiondoa hiyo bluu si kazi: mafuta ya breki, beseni na siku chache, enameli ya zamani inavimba na kubanduka kama ngozi ya nyoka, plastiki ikibaki salama. Halafu praima, halafu shaba kwa pampu ya rangi, halafu paa jeusi. Ningekuwa na gari dogo zuri, sawasawa kabisa na maelfu ya mengine.

Na hapo ndipo hoja ya usahihi inaponivunjikia mikononi. Usahihi kwa lipi? Ukitaka kujua Chrysler ile ilifananaje, magari halisi yapo, picha zipo, seti zenyewe zipo, maana kalibu ya Jo-Han haikuharibiwa baada ya toleo la kwanza na seti hiyo ilichapwa tena miaka ya baadaye. Gari la shaba halikosekani. Kitu pekee kwenye meza yangu ambacho hakipatikani kwingine kokote ni ushahidi kwamba mtoto mmoja, ambaye hakuwamo miongoni mwa wale 203 na asingeweza kuwamo, alilipokea gari la kesho lililoahidiwa na kampuni kubwa, akaamua kesho hiyo iwe ya bluu, iwe na injini nyekundu na ishiriki mashindano. Mwanahistoria wa magari angepaswa kulipa zaidi kwa hilo kuliko kwa boksi lililofungwa. Boksi lililofungwa linatuambia kampuni iliuza nini, wala halitujulishi mnunuzi alikifanyia nini.

Tunaposema gari hili lilijengwa vibaya, tunalipima na picha ya kwenye boksi. Huku kwetu watoto wamejenga magari ya waya, ya makopo na ya boksi za karatasi, magurudumu ya ndala zilizochakaa na usukani mrefu wa fito, na sijapata kumsikia mtu akisema gari la waya limejengwa vibaya kwa maana ya kwamba halikufanana na maelekezo. Linakimbia au halikimbii. Mwenye kulitengeneza akitaka kuongeza tela, anaongeza. Seti ya plastiki ilikuja na bwana wake ndani ya boksi, na tangu hapo kila tofauti ikahesabiwa kosa.

Ajabu ni kwamba wenye viwanda wenyewe hawakuanza hivyo. Mwaka 1958 kampuni ya AMT, nayo ya Michigan, ilitoa seti za tatu kwa moja: boksi lile lile lilikuwa na vipande vya kulijenga gari kama lilivyotoka kiwandani, au kulirembesha kwa mtindo wa vijana wa California, au kuligeuza la mashindano. Kampuni iliuza uchaguzi. Namba 7 kwenye mlango wa Chrysler yangu imetokana na hali hiyo ya hewa. Kama seti hii haikuwa na vipande vya mashindano, mtoto alivitafuta kwingine. Ulinzi mkali wa usahihi umekuja baadaye, wavulana wale walipokuwa wazee wenye pesa na miwani ya kukuzia.

Sharti nikubali mahali ambapo kanuni yangu inapungua nguvu. Seti nyingi za Marekani za miaka ya 60 zilifuata toleo la gari la mwaka husika, na kalibu za chuma ni ghali, kwa hiyo mwaka ulipokwisha kalibu ile ile ilichongwa upya ili itoe gari la mwaka unaofuata. Taa zikabadilishwa, grili ikabadilishwa, na umbo la mwaka uliopita likatoweka moja kwa moja, hakuna wa kulichapa tena. Kwa magari kama hayo, lililojengwa vibaya na mtoto linaweza kuwa mojawapo ya nakala chache sana za umbo hilo. Hapo anayelifumua, kulisafisha na kulipigia nakala kwa silikoni na resini anafanya kazi ya mhifadhi wa nyaraka, na sitamgombeza akiitoa rangi ya mtoto. Ningemwomba tu alipige picha kwanza, pande zote. Chrysler ya tabaini haina udhuru huo.

Na wakati huo huo, watu hawa hawa wanaosugua uzee wa kweli usiku kucha wanalipia uzee wa bandia. Kampuni ya Hasegawa ya Japani ina seti ya Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1971, gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller lililopita kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki. Wajenzi wa Ulaya na Marekani hulijenga bila dosari, kisha huchanganya unga wa rangi na gundi, wakalirushia tope la Kenya kwa mswaki, wakikadiria limepanda mlangoni hadi wapi na vumbi limekaa wapi kwenye kioo. Wengine ni mahodari kweli, na kazi yao naipenda. Ila nashindwa kuelewa ni vipi tope ambalo halikuwahi kuwapo liwe usanii, na brashi iliyopita kweli mkononi mwa mtoto iwe uchafu.

Hoja ninayoiheshimu zaidi imetoka kwa rafiki ambaye hajengi chochote. Aliniuliza: na kama huyo mtoto, sasa ni mzee, angekuambia alilipaka bluu kwa sababu dukani hapakuwa na shaba? Basi huo uamuzi wako ungekuwa umefanywa na muuza duka. Nililifikiria sana swali hilo. Inawezekana kabisa. Lakini injini hakuipaka bluu, aliipaka nyekundu, maana yake makopo yalikuwa zaidi ya moja. Na hata kama ni muuza duka, bado ni jambo lililotokea katika maisha ya gari hili, na shaba ya pampu haijatokea. Alicheka, akasema ninabishana kama wakili wa mirathi.

Paa ndilo lililonisumbua hadi mwisho. Sijui kama lilipakwa bluu kwa kutaka au kwa uvivu wa kufungua kopo la tatu. Nimeliacha. Kwenye boneti, pale msasa ulipokula rangi, nimechanganya enameli mpaka ikakaribiana na ya zamani. Ukiielekeza kwenye jua utaiona tofauti, na sikujaribu kuificha zaidi ya hapo. Rangi yote nimeing'arisha kidogo bila kuondoa michirizi ya brashi. Namba 7 imebaki njano. Kifuniko cha gurudumu kilichopotea nimekitoa kwa resini kutoka kwa mwenzake, na chini ya chasisi nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika kipi ni kipya, kipi kimejazwa puti na kipi kimepigwa rangi upya, kama wafanyavyo watu wa makumbusho. Kioo nimekibandika kwa gundi nyeupe inayotoka kwa maji.

Mkusanyaji mmoja ameliona na amesema angelinunua kama lingekuwa la shaba. Nimemwambia bei, na nimemwambia mafuta ya breki yapo kila duka la vipuri.